Kuchagua fremu ya kupasulia mbao kwa chenso: mwongozo kwa mwenye magogo yake Tanga

Mti mkubwa ukianguka shambani Muheza au uani Pongwe, wa kwanza kubisha hodi ni mchoma mkaa. Anataja bei ya kuni, anaondoka na gogo ambalo ndani yake mlikuwa na meza, milango miwili na mbao za kuezekea banda. Mwenye mti hamlaumu, maana angelifanyaje? Gogo la mwembe lenye kipenyo cha sentimita 60 na urefu wa mita 3, likiwa bichi, lina uzito wa karibu kilo 800. Kulipakia kwenye gari ni kazi ya watu wengi na kamba nyingi, na kiwanda cha mbao hakimfuati mtu nyumbani kwa gogo moja.

Fremu ya chenso inamaliza shida hiyo. Ni chuma kinachofungwa kwenye baa (ule ulimi mrefu wa chuma unaozungukwa na cheni) ya chenso, yaani msumeno wa mnyororo, ili ukate gogo kwa urefu wake, kwa unene ulioupanga, pale pale lilipolala. Mashine inalifuata gogo, na mbao ndizo zinazobebwa.

Maoni yangu nayasema mapema: katika vitu vyote utakavyonunua kwa kazi hii, fremu ndiyo ya mwisho. Anza na gogo, halafu injini, halafu cheni na tupa. Anayeanza na fremu hujikuta na chuma kizuri kisichoendana na msumeno wake, au msumeno usioliweza gogo lake.

Hatua ya kwanza: karatasi

Hata kama mti umeupanda mwenyewe, pita kwanza serikali ya mtaa au kijiji, kisha afisa misitu wa wilaya au ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Uliza mambo matatu: kibali cha kuukata mti huo, masharti ya kutumia chenso yenyewe, na hati ya kusafirishia mbao ikiwa zitatoka shambani kuingia barabarani. Miti ya asili kama mvule na mninga ina masharti makali kuliko msaji au mkaratusi wa kupandwa, na ukiwa jirani na Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani usitegemee maneno ya kijiweni. Chenso inaangaliwa kwa jicho kali kwa sababu wavunaji haramu nao wanaitumia. Mbao zikisimamishwa kwenye geti la maliasili bila karatasi, kusema mti ulikuwa wa marehemu babu hakusaidii kitu.

Hatua ya pili: lijue gogo lako

Pima kipenyo cha ncha nyembamba, pima kipenyo cha ncha nene, pima urefu. Andika. Ncha nene ndiyo itakayoamua urefu wa baa, na ncha nyembamba ndiyo itakayokuambia utapata mbao za upana gani. Kisha jiulize unataka kutengeneza nini. Anayetaka mbili kwa nne za kenchi na anayetaka ubao mmoja mpana wa meza hawahitaji mashine ya aina moja.

Aina ya mti ina uzito kuliko watu wanavyodhani, na miti yetu ya Tanga ina tabia zake.

Mwembe unapasuka kwa ulaini na una michirizi mizuri. Wachonga ngalawa na mitumbwi wa pwani wanaupenda tangu zamani. Kasoro yake ni kwamba haungoji. Gogo la mwembe likilazwa chini kipindi cha masika linaingia ukungu na madoa, na wadudu wanaanza kulibungua. Kata, pasua, panga, bila kulala. Mwembe wa mjini una jambo la ziada: misumari. Miaka yote hiyo umepigiliwa mabango, kamba za kuanikia nguo, na waya wa antena, kisha gome likafunika. Pitisha sumaku yenye nguvu au kifaa cha kutambua chuma, na angalia ncha za gogo. Doa jeusi lenye rangi ya bluu mara nyingi ni chuma kilichomo ndani.

Msaji, ambao wengi wanauita mtiki, ni mti wa heshima hapa kwetu kwa sababu ya Shamba la Miti Longuza lililoko Muheza. Mbao zake hazisumbui kukauka na mchwa hawazipendi. Lakini ndani yake mna chembe za silika, ile ile iliyomo kwenye mchanga, nazo zinakula makali ya cheni haraka kuliko ugumu wa mbao yenyewe ungekufanya utarajie.

Mvule una hila nyingine. Ndani ya gogo huweza kujificha uvimbe mgumu wa chokaa, mawe kabisa, na huwezi kuuona kwa nje. Cheni ikigonga jiwe hilo, meno yanaisha kwa sekunde chache. Vumbi lake pia linawasha ngozi na kukera mapafu, kwa hiyo barakoa hapo si pambo.

Mfenesi una mbao ya manjano inayopendeza sana kwa milango na makabati. Utomvu wake unanata kwenye cheni na baa, basi weka mafuta ya taa na kitambaa karibu. Mkaratusi una mvutano ndani yake: ukipasua upande mmoja tu, mbao zinapinda kama upinde na gogo linajinyonga. Dawa yake ni kupasua kwa zamu, ubao upande huu, geuza, ubao upande ule. Misonobari inayotoka Shume, juu Lushoto, ndiyo mepesi kuliko yote, na anayejifunza akianza nayo atakuwa na mikono yenye subira.

Mnazi uzungumziwe peke yake. Minazi mizee iliyoacha kuzaa imejaa pwani yote hii, na watu wanaiacha ioze. Mbao yake ni ngumu upande wa nje na laini katikati, kinyume na miti mingine, kwa hiyo mbao za kazi zinatoka pembezoni. Za katikati zipeleke kwenye matumizi mepesi. Nayo pia inamaliza cheni kwa silika. Kama minazi ndiyo mali yako kubwa, panga bajeti ya cheni kabla ya bajeti ya mashine.

Jambo moja kuhusu matawi yaliyopinda: usiyapasue. Nenda nayo Pangani au popote penye mafundi wa majahazi, wanayatafuta kwa mataruma, yaani mbavu za chombo. Pindo la asili lina nguvu kuliko ubao ulionyooshwa kisha ukakatwa kwa umbo la pindo.

Hatua ya tatu: pima kama chenso ndiyo njia yako

Kila mkato wa cheni unageuza mbao kuwa vumbi kwa unene wa milimita 8 hadi 10. Msumeno wa mkanda, ule wenye bendi nyembamba, unapoteza milimita 2 hadi 3. Chukua hesabu hii: unataka mbao kumi za unene wa inchi moja. Kwa chenso, mikato kumi inakula karibu milimita 90, yaani zaidi ya mbao tatu nzima zimekwenda na upepo. Kwa mkanda umepoteza ubao mmoja.

Kwa hiyo mwenye ekari kadhaa za misaji iliyonyooka, anayetaka kuuza mbao za inchi moja mwaka hadi mwaka, asinunue fremu ya chenso. Atafute mashine ya mkanda, au akodi. Na anayetaka mbao nyingi za bei ya chini za ujenzi anunue zinazoshushwa kutoka Mafinga, ambako zile mashine za dingdong zinapasua misonobari usiku na mchana. Huwezi kushindana nao ukiwa na chenso moja uani.

Chenso inashinda pahala pengine: gogo moja moja, nene, lililokaa pabaya, mlimani Amani ambako gari halifiki, nyuma ya nyumba ambako ukuta unazuia lori, na mbao nene na pana. Ukipasua mbao za inchi mbili na nusu za meza, upotevu ule ule wa milimita 9 hauumi sana. Mashine nyingi ndogo za mkanda haziwezi kumeza gogo la sentimita 80, ila chenso yenye baa ndefu inaweza. Kama una mti mmoja tu na huna mpango wa mwingine, kodi mtu mwenye fremu yake umlipe kwa siku. Hapo hakuna aibu.

Hatua ya nne: aina tatu za fremu

Aina ya kwanza, ambayo ndiyo utaiona sana, inashika baa pande zote mbili, karibu na injini na karibu na ncha. Juu yake kuna reli mbili zinazoteleza juu ya gogo, na nguzo mbili zenye vipimo unazozipandisha na kuzishusha kupanga unene. Granberg ya California ndiyo iliyoitangaza duniani kwa jina la Alaskan, na sasa nakala zake zipo nyingi. Unene huanzia nusu inchi hadi inchi 12 au 13 hivi. Inabebeka begani, inaingia kwenye bodaboda, inafanya kazi gogo likiwa limelala chini. Kwa mtu wa nyumbani mwenye magogo ya mchanganyiko, hii ndiyo ninayomshauri, bila kuzunguka.

Ya pili ni ndogo, inashika baa kwa wima na kuteleza kwenye ubao au reli iliyopigiliwa juu ya gogo. Kazi yake ni kukata pembeni: kunyoosha kingo za mbao, au kulipa gogo umbo la mraba ili upate nguzo na boriti. Peke yake haitoshi. Ikiungana na ile ya kwanza, mnapata mbao zilizonyooka pande zote bila kuhitaji msumeno wa meza. Bei yake ni ndogo, inunue mwaka wa pili.

Ya tatu ni kitanda chenye reli, kama wanavyotengeneza Logosol wa Sweden: gogo linapandishwa na kufungwa kwenye kitanda, chenso inasukumwa kwenye reli pembeni. Mbao zinatoka sawasawa kwa vipimo, mgongo hauumi, kwa sababu unafanya kazi umesimama. Ila gogo lazima lipandishwe, kipenyo kina kikomo, na bei ni ya juu. Inamfaa mwenye eneo la kudumu, magogo ya wastani, na wasaidizi.

Hatua ya tano: injini

Hapa ndipo pesa yako iende. Kukata gogo vipande ni jambo moja; kulipasua kwa urefu ni jambo lingine, kwa sababu meno yanakutana na ncha za nyuzi za mbao uso kwa uso, kwa upana wote wa gogo, na injini inakaa kwenye moto wote, yaani kasi yake ya juu kabisa, kwa dakika nyingi bila kupumua. Chenso ndogo za cc 52 au 58 zinazopangwa mbele ya maduka ya pembejeo ni nzuri kwa kuni na kupogolea. Ukizifunga kwenye fremu zinapasuka moyo mapema.

Kipimo ninachokitumia ni hiki. Misonobari na miti laini ya hadi sentimita 40: cc 60 hadi 70 zinatosha. Mwembe, msaji, mfenesi wa sentimita 50 hadi 60: tafuta cc 90 hivi. Zaidi ya sentimita 75, au mvule mkavu: cc 110 kwenda juu. Kwa majina yanayojulikana, Stihl MS 382 ina cc 72, MS 661 ina cc 91, na MS 881 inazidi cc 120. Kwa Husqvarna, 395 XP ina cc 94 hivi na 3120 XP ina karibu cc 119. Stihl 070 ya zamani, cc 106, bado inapendwa na wapasuaji kwa sababu inazunguka taratibu lakini ina nguvu ya punda. Ukiipata, hakikisha si nakala iliyobandikwa jina.

Chenso iliyotumika inaweza kuwa chaguo la maana, mradi uikague. Ukiwa umeizima, ishike kwa mpini wa kamba ya kuwashia, uiache ining'inie. Ikishuka kwa kusitasita, ikikwama kila mzunguko, mgandamizo wa injini upo. Ikiteremka moja kwa moja, pistoni au ringi zimechoka. Fungua mafla, mulika tochi kwenye tundu: pistoni iwe laini, na ukiona mikwaruzo ya wima, rudisha mashine. Mwisho uliza vipuri vinapatikana wapi. Chenso ambayo plagi, filta na gia yake havipatikani Tanga mjini itakufanya uwe msafiri.

Mchanganyiko wa petroli na oili ufuate kitabu cha mashine. Mashine nyingi za kisasa zinataka 50 kwa 1, yaani mililita 20 za oili kwa lita moja ya petroli. Kwa kupasua mbao wengi huongeza oili kidogo, mpaka 40 kwa 1, mililita 25 kwa lita, na mwambie fundi aiache kabureta ipitishe mafuta kwa wingi kidogo. Injini inayokosa mafuta kwenye moto mkubwa hupata joto kupita kiasi na kuungua bila kukuonya.

Hatua ya sita: baa na fremu viendane

Watu hupotea hapa kwa sababu namba za dukani zinadanganya. Vishikio vya fremu vinakula sehemu ya baa pande zote mbili, pamoja na ile iliyofichwa na meno ya mbele ya injini. Baa ya inchi 24 itakupa mkato wa inchi 18 hadi 20. Baa ya inchi 36 itakupa inchi 30 hivi. Basi pima ncha nene ya gogo, ongeza inchi sita, hapo ndipo baa yako inaanzia. Usiongeze sana lakini. Baa ndefu kuliko kazi inapepea katikati, na pampu ya oili ya chenso haifikishi oili mpaka mwisho. Kuanzia inchi 36 weka kichupa cha oili cha ziada upande wa ncha, kidondoshe taratibu.

Dukani nenda na baa yako mwenyewe, uifunge kwenye fremu kabla ya kulipa. Kisha pima kwa futi kamba kutoka reli hadi baa katika pembe zote nne. Tofauti ikizidi milimita moja na haisahihishiki kwa kulegeza na kukaza, acha. Tikisa: kusiwe na mchezo kwenye viungo. Angalia nyuzi za bolti, kwa sababu utazikaza na kuzilegeza mara nyingi kila siku. Reli zikiwa fupi mno, fremu inayumba mbele na nyuma. Mimi sipendi reli fupi kuliko urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole.

Je, fundi wa kuchomelea wa Ngamiani hawezi kuitengeneza? Anaweza, na nimeona kazi nzuri. Mpe mirija ya mraba ya inchi moja, mchoro wenye vipimo, na masharti mawili. Kwanza, viungo vikazwe kwa bolti pale panapopanda na kushuka, na palipochomelewa pawe pamepimwa kwa skwea kabla chuma hakijapoa kikapinda. Pili, kishikio kibane ubavu wa baa tu, kisiguse mfereji wa cheni wala gurudumu la ncha. Fundi atakayetaka kutoboa baa ili aipigie bolti, mkatalie, chuma cha baa ni kigumu na tundu mahali pabaya linaidhoofisha. Fremu ya chuma itakuwa nzito kuliko ya alumini, na uzito huo utausukuma wewe. Kwa ushauri wa mchoro na mashine ndogo, ofisi ya SIDO (Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo) mkoani ni mahali pa kuuliza.

Hatua ya saba: cheni na tupa

Mwenye fremu ya bei ndogo na cheni kali atamwacha nyuma mwenye fremu ya kigeni na cheni butu. Hili silegezi.

Cheni ya kawaida imenolewa kwa pembe ya digrii 30 hivi, kwa ajili ya kukata gogo vipande. Kwa kupasua inatakiwa digrii 10 tu, au chini ya hapo. Unaweza kununua iliyokwisha tengenezwa, au ukaichukua ya kawaida na kuigeuza kidogo kidogo kila unaponoa. Ukifuata digrii 10 uso wa ubao unatoka laini, na randa inapata kazi ndogo. Cheni za kipimo cha 3/8 ya inchi nyingi hunolewa kwa tupa ya duara ya milimita 5.5 au 5.2, soma maelezo ya cheni yako. Kile kidole kilicho mbele ya kila jino kiwe chini ya ncha ya jino kwa milimita 0.65 hivi, kikishushwa mno cheni inang'ata na kukwama.

Noa kila unapojaza tangi. Hesabu mapito ya tupa, manne kulia, manne kushoto, yawe sawa, kwa sababu meno ya upande mmoja yakiwa makali kuliko mengine ubao unapinda na kuzama upande huo. Kuwa na cheni tatu: moja kazini, mbili zimenolewa zikisubiri. Anayetaka kulifanya hili liwe taaluma ajue kuna Chuo cha Viwanda vya Misitu (FITI) Moshi, wanafundisha upasuaji wa mbao na utunzaji wa misumeno.

Oili ya cheni iwe safi. Oili chafu ya gari ina chembe za chuma zinazomaliza pampu, na inarukia mikononi na puani siku nzima.

Hatua ya nane: siku ya kupasua

Vaa kwanza. Helmeti yenye wavu wa uso, vizibo vya masikio kwa sababu chenso inapita desibeli 100, barakoa, buti zenye chuma mbele, na suruali ya kuzuia cheni. Kandambili ziache kibarazani. Usifanye peke yako, na usifanye ndani ya banda lililofungwa, moshi wake una sumu isiyo na harufu.

Lilaze gogo juu ya magogo madogo mawili, liwe juu ya ardhi kwa kimo cha goti ukiweza, na ulikabie kwa kabari lisibingirike. Liinamishe kidogo kuelekea unakokwenda, uzito wa mashine ukusaidie. Safisha magome yenye mchanga, hasa gogo lililokokotwa chini.

Mkato wa kwanza ndio unaoamua mingine yote, maana kila ubao unaofuata unaiga uso ulioachwa na uliotangulia. Gogo halina uso bapa, kwa hiyo ulitengenezee: ngazi ya alumini iliyonyooka, au mbao mbili za mbili kwa nne zilizounganishwa kwa vipande vya katikati. Ipite gogo kwa futi moja kila upande, ili fremu ianze na kumaliza ikiwa imelala sawa. Weka vijiti viwili vilivyonyooka, kimoja kila ncha, chuchumaa, tazama kimoja juu ya kingine. Visipolingana, ngazi imejinyonga, nawe sindika kabari ndogo chini yake. Pima maji inafaa pia, ila jicho na vijiti viwili havikudanganyi. Ifunge kwa skrubu, kisha pima urefu wa skrubu hizo: zisifike njia ya cheni.

Panga unene, kaza bolti zote, rudia kukaza. Washa, acha injini ipate joto, ingia kwenye gogo kwa moto wote. Mwanzoni bonyeza upande wa mbele wa reli, ukikaribia kumaliza bonyeza wa nyuma. Usiisukume kwa tumbo. Cheni kali inajivuta yenyewe, wewe unaiongoza, ukitanguliza ncha kidogo, kisha mkia, kisha ncha. Msaidizi ashike mpini wa upande wa pili na atembee sambamba na wewe. Mkato ukifika nusu mita, chomeka kabari nyuma yako, na nyingine kila baada ya hatua, ili ubao usilalie baa. Kabari ziwe za mbao au plastiki. Za chuma zibaki nyumbani.

Ukimaliza mkato, usizime ghafla. Iache ingurume taratibu bila mzigo kwa dakika moja ipoe. Soma vumbi: likiwa chembe chembe, endelea, likiwa laini kama unga wa sembe, simama unoe. Moshi kwenye mkato ni cheni butu au oili haifiki. Kila tangi pangusa filta ya hewa, na kila siku geuza baa juu chini ili mifereji iishe sawasawa.

Baada ya banzi la kwanza, ule ubavu wa gogo wenye gome, kutoka, ngazi haina kazi tena, reli zinateleza juu ya uso bapa. Pale katikati, penye moyo wa gogo, panga mikato ili moyo uangukie kwenye ubao mmoja, kwa sababu ubao huo utapasuka tu, na heri upasuke mmoja. Mabanzi usiyatupe, yanaziba banda la kuku vizuri sana.

Hatua ya tisa: kupanga na kukausha

Paka rangi yoyote nzito kwenye ncha za mbao siku hiyo hiyo, jua la Tanga linazipasua ncha ndani ya siku chache. Panga mbao chini ya paa, zikiwa futi moja na nusu juu ya ardhi kwa ajili ya mchwa, kwenye vitofali vilivyosawazishwa kwa uzi. Kati ya ubao na ubao weka vijiti vikavu vya unene wa inchi moja, kila sentimita 40 hadi 50, na vijiti vyote vilingane kwa wima, cha juu kikae juu ya cha chini. Kisipolingana ubao unapinda pale pale. Juu kabisa weka mawe au matofali. Ubavu wa rundo uelekee upepo, kusi ikivuma ipite kati ya mbao, lakini jua lisizifikie. Mwembe, na mbao yoyote yenye weupe mwingi wa nje, ipake mmumunyo wa boraksi kabla ya kuipanga, wadudu wanapenda weupe huo.

Pwani yetu ina unyevu mwingi, usitarajie mbao za inchi mbili zikauke kwa miezi miwili kwa sababu tu ni Januari na joto limekolea. Kata kipande kidogo katikati ya ubao, si kwenye ncha, kiweke ndani ya rundo hilo hilo na ukipime kwa mzani wa jikoni kila wiki. Uzito ukiacha kushuka kwa wiki tatu au nne mfululizo, mbao zimefikia ukavu wa hapa kwetu na zinaweza kwenda kwa seremala. Mteja akiwa Dodoma au Arusha, mwambie aziache zikae kwake wiki kadhaa kabla ya kuziunganisha, maana hewa ya huko ni kavu zaidi na zitasinyaa tena kidogo.